Ostia Antica, bandari ya ngano ya Roma

Jana wanafunzi wa darasa letu tulikwenda Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma penye mlango wa mto Tiber. Tope la mto limeisukuma bahari mbali, sasa iko kama kilomita 3 hivi, kwa hiyo unazunguka mji wa bandari bila kuona maji.

Kilichonigusa zaidi ni uwanja ulio nyuma ya ukumbi wa maigizo. Umezungukwa na vyumba vya wafanyabiashara na wenye meli, na mbele ya vingi sakafu imenakshiwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe: meli, mnara wa taa, pomboo, vipimo vya nafaka. Kimoja kina tembo na jina la Sabratha, mji ulioko Libya ya leo. Nilisimama hapo mpaka wenzangu wakaniita. Ngano nyingi iliyolisha Roma ilitoka Afrika Kaskazini, pamoja na Misri, na ushahidi uko chini ya miguu yako!

Tuliona pia mgahawa wenye kaunta ya marumaru na picha ya vyakula ukutani.

Ukifika Roma, tafadhali itengee Ostia siku nzima.