Nyungunyungu wa Luchelele

Mwaka 2018 nilikuwa bado saidia fundi, ile ya kubeba ngazi na kutumwa soda, na bosi wangu alikuwa mtu wa nguzoni tangu ujana, yani mzee umpe mkanda na nguzo ameshafika juu kabla hujamaliza kufunga kamba za viatu. Kazi za kufukia alikuwa hazipendi. Anasema fundi wa kweli anaangalia juu, wa kuangalia chini ni mkulima.

Sasa tukapata kazi kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Luchelele, hapa Mwanza, chini kabisa kwenye ziwa. Alikuwa amejenga kibanda karibu na maji, ndani pampu na friza mbili za samaki, anataka umeme utoke nyumba kubwa ufike pale, kama mita 70 hivi, ila waya usipite juu. "Wageni wangu wanakuja kuangalia ziwa baba, hawaji kuangalia nyaya zenu." Bosi akasema haina shida mama, tunafukia.

Kilichotakiwa pale ni kebo ya amadi, ile yenye nyuzi za chuma zimeizunguka na ganda nene juu, lakini bei yake mama alipoisikia akaanza kuongea habari za ada za watoto. Bosi nyumbani alikuwa na vipande viwili vya twisti vilivyobaki kazi nyingine, zile nyaya nyeusi za alminiamu zilizosokotana unazoziona zinashuka nguzoni kuja kwenye nyumba, 16 mm. Hakuna kipande kinachofika peke yake, kwa hiyo lazima kuunga katikati. Na cha kuungia alikuwa nacho pia, konekta za meno.

Kama hujawahi kuishika, ni kitu cheusi cha plastiki ngumu kama taya la mamba mdogo, unalaza waya mmoja huku mwingine huku bila kumenya, unakaza bolti kwa spana 13, meno yanatoboa ganda yanaingia kwenye alminiamu, na ukifika kiwango kichwa cha bolti kinakatika chenyewe, tak! Kazi imeisha. Huhitaji hata kuuliza umekaza vya kutosha. Nilikuwa naupenda ule mlio mimi, siku ile bosi akaniachia nikaze zote mbili, nikajiona na mimi fundi.

Niliuliza lakini. Nilisema mzee, hii si ya juu? Akanijibu kwa upole kabisa, "Ng'wanawane, hii kiwandani wanaizamisha kwenye maji wanaipiga volti 6,000, utaniambia nini kuhusu udongo?" Na hapo hakudanganya, ni kweli zinapimwa hivyo, maana juu kuna mvua. Ila juu mvua ikikatika jua linatoka, upepo unapita, kitu kinakauka. Mle chini hakikauki. Na kule kwenye kipimo ni dakika kadhaa kwenye maji, sio miaka miwili kwenye tope huku jiwe linakandamiza ubavuni. Haya yote nayajua sasa hivi, siku ile nilisema sawa mzee. Akazungushia tepu nyeusi, juu yake akafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, tukafukia.

Mtaro wenyewe sasa. Mwanza mnaijua, jiwe linaanza pale jembe linapochoka. Sehemu nyingine tulifika gotini, sehemu nyingine tumekuta mwamba kiganja kimoja tu chini ya majani, tukapitisha waya hivyo hivyo juu ya mwamba tukarudishia kokoto zile zile tulizotoa. Hakuna mchanga wa kulalia, hakuna tofali juu, ule utepe wa onyo ndio kabisa. Maungio yakaangukia chini ya mwembe, penye bonde kidogo.

Ikaja 2020. Mwaka ule ziwa lilipanda mpaka Mei likapita hata rekodi ya 1964, watu wa ufukweni wanakumbuka, migomba ilisimama majini na mitumbwi ikawa inafungwa kwenye vyoo vya watu. Mzee alishastaafu karudi kwao Sengerema, mimi natafuta vibarua mwenyewe. Mama akanipigia. Nikamwamkia, hata marahaba akaitikia nusu, "We kijana, nani anakula yuniti zangu usiku?" Kumbe alishamshuku dada wa kazi kwa pasi, akawashuku wageni, mpaka akazima friza zote siku mbili, LUKU bado inakimbia.

Nikaenda na klampu mita, ile inayobana waya kwa nje ikakusomea umeme unaopita ndani. Nikazima mein switchi ya kibandani ili chini kusiwe na kitu kinachokula, nikabana waya wa laini kule juu inakotokea. Amp 2.3. Nikadhani mita mbovu nikapima tena, 2.3. Piga hesabu kwa volti 230, ni zaidi ya nusu kilowati inaingia ardhini mchana na usiku, karibu yuniti 13 kwa siku. Na breka pale ni ya amp 32, itashtukaje kwa amp mbili? Kile kifaa kinachokata umeme ukivuja ardhini hatukufunga, hakikuwa kwenye bajeti, tena mimi mwenyewe ndiye niliyebeba ile boksi ya breka.

Nilikuwa naanza kufuata njia ya waya kushuka nikaona watoto watatu chini ya mwembe, miguu peku, na kopo la maziwa. Wanaokota nyungunyungu. Hawachimbi, wanaokota tu, wametokeza wenyewe juu ya udongo unyevu wanajinyonganyonga. Nikamuuliza mkubwa wao mnafanyaje, akanieleza kama siri ya biashara, hapa chambo hakiishi kaka, watoto wa kule wanachimba na jembe sisi tunakuja tu asubuhi, ila ukikaa sana miguu inafanya ganzi.

Miguu inafanya ganzi.

Sikumbuki nilivyopanda kile kilima. Nilizima umeme juu kabisa, nikarudi nikiwa natetemeka, nikawafukuza wale watoto kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka mdogo wao akalia. Mama akatoka anauliza kuna nini, nikamwambia mama kaa huko huko.

Nilipochimba maji yalikuwa yamejaa shimoni. Tyubu ya baiskeli bado imefungwa vizuri, fundo la mzee lile lile, na ndani yake imetunza maji kama chupa. Konekta moja nilipoishika ikabaki mkononi. Palipokuwa na waya pamekuwa na unga mweupe, kama unga wa muhogo uliolowa, alminiamu imeliwa yote imebaki uzi mmoja mmoja, meno ya shaba yamekuwa ya kijani. Kile kikofia cha mpira cha kuziba ncha ya waya kilikuwa pembeni kwenye tope, kimechomoka siku nyingi.

Nilimwambia mama ukweli kwamba niliikaza mimi. Aliniangalia muda mrefu, akauliza amadi sasa hivi ni shilingi ngapi. Kebo ikaja kwa basi kutoka Dar nikaichukua stendi ya Nyegezi, mzigo mzima hauna kiungo, kazi ya kuchimba nilifanya bure wiki nzima, penye mwamba tukazungusha njia ya kebo mpaka nikapata futi mbili za kwenda chini, nikalaza mchanga, nikapanga matofali, utepe wa njano juu yake. Kile kifaa cha kukata nilikinunua kwa hela yangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa narudishia udongo wa mwisho wakaja wale watoto na kopo lao. Wakasimama chini ya mwembe. Mkubwa akapekua kwa kidole cha mguu, akainama, akapekua kwa mkono. Hamna kitu. Yule mdogo aliyelia siku ile akanisogelea na kopo tupu.

"Kaka, umewapeleka wapi?"