Tredimili ya Mzee haiwaki: kumbukumbu ya mradi wangu, Bombo, Uganda

Jumapili

Jana asubuhi Mzee alitembea dakika nane juu ya tredimili, ile mashine ya mkanda ya kutembelea ndani ya nyumba. Mchana ikanyesha, umeme ukakatika. Usiku uliporudi, taa za sebuleni ziling'aa kupita kawaida kwa kama sekunde moja, kisha zikatulia. Leo nimewasha swichi ya mashine, kimya. Hakuna mlio, hakuna taa, kioo cha juu ni cheusi.

Mashine hii si pambo nyumbani kwetu. Mzee alipata kiharusi mwaka jana, mguu wa kulia ukabaki mzito. Mtaalamu wa viungo alisema atembee kila siku, polepole, mahali tambarare, akiwa na kitu cha kushika pande zote mbili. Njia yetu ni ya murramu, ikinyesha inateleza kama sabuni, na barabara kuu ya kwenda Gulu ni ya malori. Ndiyo maana tulitafuta tredimili ya mtumba kwa mgeni mmoja aliyekuwa akihama Kampala. Kibandiko chake kinasema volti 220 hadi 240, hezi 50, kwa hiyo si zile za Marekani za volti 110 hadi 120 ambazo huku huungua siku ya kwanza.

Nimeanza ukutani. Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ina yuniti. Nimechomeka pasi kwenye soketi ileile, imepata moto. Nimetoa ekstensheni tuliyokuwa tukitumia (mashine ya mota kubwa hivi yapaswa kwenda ukutani moja kwa moja, na hilo nalirekebisha leo hii). Nimefungua plagi, nikapima fyuzi ya ampea 13 kwa mita: ni nzima. Karibu na swichi, chini mbele, kuna kitufe cheusi kidogo ambacho wengi hawakioni. Hicho hujirusha nje mashine ikizidiwa, ukikisukuma ndani inawaka tena. Chetu kimo ndani. Ufunguo wa usalama, ule wenye kamba ya kubana kwenye shati, upo mahali pake na sumaku yake inashika.

Kwa hiyo ukutani ni salama. Tatizo limo ndani ya mashine.

Jioni Mzee ameniita. Alitumikia jeshi miaka mingi, Kiswahili cha nyumba hii kilitoka huko, na akitaka habari haulizi zaidi ya neno moja.

"Ripoti?"

"Ukutani ni shwari, Baba. Adui yuko ndani ya boma."

Ametikisa kichwa, ametazama mguu wake.

Jumatatu

Vipindi shuleni hadi saa kumi na moja. Sijagusa kitu.

Jumanne

Nimefungua kifuniko cha mota. Parafujo sita, moja kichwa kimelika, nimeitoa kwa plaizi. Chini yake vumbi jekundu la murramu limechanganyika na unga mweusi wa mkanda, limelala juu ya bodi kama blanketi. Nimepiga picha kila waya kabla ya kuugusa.

Hapa nasema neno kwa yeyote atakayefungua yake. Kuchomoa plagi hakutoshi. Kwenye bodi kuna kapasita kubwa, mbili kwetu, ndefu kama betri za tochi. Umeme wa volti 240 ukishanyooshwa na rektifaya hufika kama volti 339 ndani ya kapasita hizo, na hukaa humo hata waya ukiwa mkononi mwako. Nimesubiri dakika kumi kwa saa, kisha nikapima: volti 4. Ndipo nikatia mkono. Zingekuwa bado zimejaa, ningezimwaga kwa rezista kubwa, si kwa bisibisi kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Cheche ile huharibu kapasita na yaweza kukuharibu wewe.

Nikafuata njia ya umeme hatua kwa hatua, mita ya kupimia ikiwa kwenye mlio: njia ikiwa nzima inalia, ikiwa imekatika iko kimya. Plagi hadi swichi: inalia. Swichi ikiwashwa: inalia. Kitufe cheusi: kinalia. Fyuzi ya kwenye bodi, nyeupe ya kauri, ampea 10: kimya. Kwa macho huwezi kujua, kauri haionyeshi ndani, ila ncha moja ilikuwa na duara la kahawia kama alama ya kikombe cha chai juu ya meza.

Nilikuwa na fyuzi ya aina hiyo kwenye kopo langu. Nikaiweka, nikawasha. Ta! Mwanga mmoja wa buluu, na harufu.

Hili ni kosa langu na naliandika lilivyo. Fyuzi haikatiki bila sababu, na mimi nilibadilisha kabla sijaitafuta sababu yenyewe. Ningepima kwanza kati ya nyaya mbili za umeme baada ya fyuzi. Nimepima sasa, mashine ikiwa imechomolewa: ohmu 0.8. Kuna kitu kimeziunganisha nyaya hizo, na fyuzi yoyote nitakayoweka itakufa vilevile.

Fundi mmoja wa hapa sentani, kwenye maduka, alinishauri niviringishe uzi wa waya badala ya fyuzi. Nimemshukuru, nimekataa. Uzi wa waya hautakatika, kitakachokatika ni kitu kingine, na juu ya mashine atakuwa amesimama baba yangu.

Alhamisi

Siku nzuri kuliko zote hadi sasa.

Vitu vinavyoweza kuleta ohmu 0.8 baada ya fyuzi si vingi: varista, rektifaya, kapasita, au ile transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoza. Nimeitoa bodi yote, nimeipiga mswaki mkavu, nimeipeleka dirishani. Karibu kabisa na fyuzi kulikuwa na kisahani cha buluu, ukubwa wa kifungo cha koti. Upande wa mbele kilionekana kizima. Nilipokigeuza, mgongo ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, na ndani ya ufa kulikuwa na masizi yaliyopaka hata ubavu wa kapasita jirani. Namba ilisomeka bado: 14D471.

Hiyo ndiyo varista. Volti zikiwa za kawaida hukaa kimya kana kwamba haipo. Zikipanda ghafla hufungua njia na kuzipitisha yenyewe, zisiufikie moyo wa bodi. Ikizidiwa kabisa huungua ikiwa imeziunganisha nyaya mbili, na fyuzi hukatika. Yaani usiku ule wa Jumamosi, kitu hiki chenye bei ya andazi kilikufa kwa niaba ya bodi nzima.

Nimeyeyusha risasi ya mguu wake mmoja, nikauinua. Ohmu 0.8 ikatoweka kwenye bodi, ikabaki kwenye varista peke yake. Rektifaya nimeipima kwenye alama ya dayodi: kama volti 0.5 upande mmoja, hakuna kitu upande wa pili, njia zote nne. Nzima. Transista nayo haijaungana mguu na mguu.

Baada ya kosa la Jumanne sikutaka kuwasha hivi hivi. Kuna njia ya zamani: kuweka balbu ya waya ya wati 100 katikati ya waya wa moto, mahali pa fyuzi. Kama kuna muungano mbaya ndani, balbu inawaka kwa nguvu zote na bodi inapona. Kama ndani ni salama, balbu inamulika mara moja kapasita zikijaa, kisha inafifia. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, na siku hizi maduka yote ni LED. Nimezunguka sentani nzima bila kuipata, mpaka nikamkumbuka Hajati jirani yetu, anayelea vifaranga.

"Hajati, shikamoo. Naomba unikopeshe taa moja ya vifaranga."

"Marahaba. Mpaka lini? Wangu wana siku tano tu, usiku wanasikia baridi."

"Narudisha kabla ya magharibi."

"Ni ya kazi ya Mzee?"

"Ndiyo."

"Chukua mbili."

Nikawasha. Balbu ikamulika, ikafifia, ikabaki na uzi mwekundu tu ndani. Kwenye bodi kitaa kidogo cha kijani kikawaka. Nilikaa sakafuni nikikitazama kama mtu aliyepata barua. Nimepima kwenye waya unaopanda juu: volti 12.

Kioo cha juu bado cheusi.

Nimezirudisha balbu saa kumi na mbili kasoro.

Jumamosi

Kampala. Watu walinielekeza Katwe, na Katwe hakuna kitu cha chuma wasichoweza kukuundia, lakini mimi nilihitaji kipande cha milimita 14. Nimekipata kwenye kiduka cha vipuri vya redio, droo hadi dari. Kijana alinipa kwanza yenye namba 391. Zinafanana kama pacha. Tarakimu mbili za mwanzo ndizo namba, ya tatu ni idadi ya sifuri: 391 ni volti 390, 471 ni volti 470. Ya 391 huandikwa kwa ajili ya umeme wa volti 250 tu, na huku kwetu usiku wa manane mita yangu imeshasoma 251. Ingekaa ikiungua taratibu. Ya 471 inavumilia hadi 300. Akatafuta tena, akapata. Nimenunua tatu, na fyuzi tano za kauri zenye herufi T, zile zisizokatika kwa mshtuko mdogo wa mota inapoanza.

Jumapili ya pili

Varista mpya imelehemiwa. Kimebaki kioo.

Chini volti 12, juu, kwenye kichwa cha waya nyuma ya kioo, sifuri. Basi zinapotelea njiani, na njia yenyewe ni ule mguu wa bomba wa kulia. Mashine yetu hukunjwa ili sebule ipate nafasi, na sisi huikunja kila usiku. Nimemwomba mdogo wangu ashike mita juu, mimi nikawa navuta waya pale kwenye bawaba. Nilipousukuma juu kidogo akapiga kelele: "Kumi na mbili! Imepotea. Kumi na mbili!"

Bomba lilikuwa likiubana. Ganda la nje lilikuwa limelika, na ndani yake uzi mwekundu ulibaki na nyuzi mbili tu, zimeota kijani. Huenda ungekatika wiki hiihii hata kama umeme usingeruka, na ningekuwa nimetafuta tatizo moja nikakuta jingine. Nimekata palipooza, nimeunga kwa risasi, nimevalisha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, nimeupitisha upya na kuuachia ulegevu wa vidole vinne kwenye bawaba.

Nikawasha. Mlio mmoja. Kioo kikaonyesha 0.0.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni na mkongojo wake. Nikamwambia bado, Baba. Maana nilipoegemeza mgongo wa mkono kwenye fremu nilihisi kitu kama siafu wanaotembea chini ya ngozi. Nimepima kati ya fremu na waya wa nyutro: volti 113.

Hili limenitisha kuliko fyuzi. Kwenye mlango wa umeme wa mashine kuna kichujio chenye kapasita mbili ndogo zilizofungwa kwenye fremu, na ikiwa waya wa ardhi haupo, fremu huelea katikati, karibu nusu ya volti za ukutani. Nimefungua soketi. Tundu la ardhi nyuma yake halina waya wowote. Nyumba hii imekaa hivyo tangu ijengwe, na soketi za tundu tatu zilitufanya tuamini.

Nimechomoa. Hakuna anayepanda.

Jumatano

Amekuja fundi wa nyaya mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda. Amepigilia nondo ya shaba nyuma ya jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo humwagika, pana unyevu mwaka mzima, na amevuta waya wa kijani na njano hadi kila soketi. Nimepima fremu tena: sifuri. Nimeipapasa yote kwa mgongo wa mkono. Siafu hawapo.

Wakati yeye akifanya kazi, mimi nimeshughulikia mkanda. Niliingiza vidole chini yake vikatoka vikavu, vina unga. Mkanda mkavu huilazimisha mota kuvuta umeme mwingi na bodi kuchemka. Mafuta yake ni ya silikoni tupu, kijiko kimoja kila upande. Mafuta ya injini au ya kupikia huharibu mkanda. Sasa nauvuta kwa mkono mmoja na unateleza.

Ukutani nimeweka stebilaiza yenye kuchelewesha: umeme ukirudi, inasubiri dakika tatu kabla ya kuupitisha.

Alhamisi jioni

Kwanza nilipanda mimi, robo saa, na mdogo wangu kando, ndoo ya mchanga mapajani, tayari kuzima ukutani. Bodi ilikuwa vuguvugu tu.

Kisha Mzee. Nimebana ufunguo wa usalama kwenye shati lake, mdogo wangu nyuma, mimi kando. Kilomita moja kwa saa. Alishika vyuma viwili, akatazama mbele ukutani, si miguuni, kama alivyofundishwa. Mguu wa kushoto ulitua bila sauti. Wa kulia mwanzoni ulikuwa ukiburuta kidole, unasikia *shhh* kwenye mkanda, kisha tua. Dakika ya nne *shhh* ikaanza kuruka hatua. Dakika ya sita akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe chekundu mwenyewe.

Nilimpa kiti. Akafuta uso, akapumua, kabla sijasema lolote akasema:

"Ripoti. Dakika sita. Mguu wa kulia umebeba."