Picha zikifutika kwenye kadi ya kamera, nakili kadi nzima kwanza

Zima kamera, toa kadi, na usipige hata picha moja ya kujaribu. Ukifuta picha, kamera haigusi picha yenyewe. Inachofuta ni maelezo ya mahali ilipo. Kwenye FAT32, mfumo wa faili (namna ya kupanga faili) wa kadi za GB 4 hadi GB 32, herufi ya kwanza ya jina la faili hubadilishwa na alama ya kwamba nafasi iko wazi, na mlolongo wa vipande vya faili hiyo hufutwa. Kadi za kuanzia GB 64 hutumia exFAT, na huko jina hubaki zima, ila faili huwekewa alama kwamba haitumiki tena. Kwa vyovyote vile data hubaki palepale mpaka picha nyingine ije kuikalia. Picha moja ya MB 8 iliyopigwa baada ya kufuta inatosha kuizika nyingine moja kwa moja.

Kufomati ndani ya kamera kwa kawaida huishia hivyohivyo: jedwali jipya la mahali faili zilipo huandikwa na picha za zamani hubaki chini yake. Kamera nyingine zina chaguo la kufomati kwa kina, linalopitia kadi yote. Kama ndilo lililotumika, matumaini ni madogo mno.

Kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni. Kisogeze kwenye LOCK kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta. Hili si la hiari: macOS huandika folda zake zilizofichwa, kama .Spotlight-V100 na .fseventsd, mara inapoiona kadi, na Windows nayo huweka ya kwake. MicroSD haina kiswichi, lakini adapta yake inacho. Windows ikisema diski lazima ifomatiwe, kataa. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, pia. Kazi yake ni kunyoosha mfumo wa faili, haijali picha zako, na hukata vipande na kuvigeuza kuwa FILE0000.CHK.

Tumia kisomaji cha kadi. Waya wa USB wa kamera haufai, kwa sababu kamera nyingi huwasiliana kwa PTP au MTP, njia za kuhamisha faili, na njia hiyo huonyesha faili zilizopo tu. Programu ya kuokoa picha inahitaji kuziona sekta zenyewe, yaani vipande vidogo ambamo data huhifadhiwa.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko programu yoyote utakayochagua: nakili kadi nzima, sekta kwa sekta, iwe faili moja kwenye kompyuta. Kadi inayoanza kufa inaweza kusomeka mara moja na isisomeke tena. Ukiwa na nakala, unaweza kukosea mara kumi bila kupoteza chochote. Kwenye Linux, itafute kadi kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, hakikisha ukubwa unalingana, kisha tumia programu ya ddrescue:

sudo ddrescue -d /dev/sdX kadi.img kadi.map

Badala ya sdX weka jina la kadi yako. Ukikosea ukaweka jina la diski ya kompyuta utapoteza muda tu, lakini ukigeuza mpangilio wa chanzo na nakala unaweza kuharibu kadi, kwa hiyo soma mstari mara mbili. Faili ya kadi.map hutunza sehemu zilizokwisha kusomwa, hivyo kazi ikikatika inaendelea ilipoishia. Zikibaki sekta mbovu, rudia amri ileile ukiongeza -r3, nayo itazijaribu mara tatu zaidi. Kwa kasi ya MB 20 kwa sekunde, kadi ya GB 64 huchukua kama dakika 53. Kwenye Windows, Win32 Disk Imager hufanya kazi hii kwa kitufe cha "Read". Kitufe cha "Write" usikiguse kabisa, kwani kinaandika juu ya kadi.

Nakala ikishapatikana, weka kadi kando. Kama picha zilifutwa tu, anza na TestDisk, programu ya kurejesha faili: andika testdisk kadi.img, ingia "Advanced", chagua sehemu ya kadi, kisha "Undelete". Faida yake ni kwamba majina na folda hurudi. Kwenye FAT32 utaona _MG_0001.JPG badala ya IMG_0001.JPG, ni ile herufi ya kwanza iliyofutwa.

Kama kadi ilifomatiwa, au mfumo wa faili umeharibika, tumia programu ya PhotoRec. Hii haitegemei jedwali. Hupekua sekta ikitafuta mwanzo wa faili, na kila JPEG huanza na baiti FF D8. Kwenye "File Opt" acha aina za faili za kamera yako pekee, mfumo chagua "Other", halafu "Whole" kwa kadi iliyofomatiwa au "Free" kwa zilizofutwa. Matokeo huwekwa kwenye folda za recup_dir, hadi faili 500 kila moja, kwa majina kama f1234567.jpg. Yanayoanza na t ni vijipicha vidogo tu, mara nyingi vya pikseli 160 kwa 120, kwa hiyo usikate tamaa ukivikuta vya kwanza. Majina ya awali hayarudi, lakini tarehe ya kupigwa imo ndani ya picha, na programu ya ExifTool huitumia kuzipanga upya:

exiftool '-FileName<DateTimeOriginal' -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e recup_dir.*

Picha ikitoka nzima juu na kijivu au rangi za ajabu chini, ilihifadhiwa vipande vipande, na programu imeunganisha kipande chake na cha faili nyingine. Chanzo kikubwa ni kufuta moja moja ndani ya kamera kadi ikikaribia kujaa: picha mpya hujazwa kwenye mianya iliyotawanyika. Ni salama zaidi kuhamisha picha zote kisha kuifomati kadi. Faili ya RAW (picha ghafi ya kamera) iliyoharibika bado inaweza kuwa na JPEG kubwa ndani yake. Kwa NEF, RAW ya Nikon, jaribu exiftool -b -JpgFromRaw faili.nef > picha.jpg; kwa CR2, RAW ya Canon, weka -PreviewImage.

Video ni ngumu zaidi. Faharasa ya MP4 au MOV, yaani orodha ya sehemu za video ndani ya faili, mara nyingi huandikwa rekodi inapomalizika, hivyo betri ikizima katikati faharasa haipo na faili haifunguki. Programu ya Untrunc huijenga upya, mradi uipe video nzima ya kamera ileile kwa mipangilio ileile.

Kadi isipoonekana kabisa, au ikionyesha ukubwa wa ajabu, futa miguso yake kwa pombe ya isopropili, iache ikauke, na ujaribu kisomaji kingine. Ikishindikana au ikipata moto, iache. Wataalamu huweza kuunganisha nyaya kwenye miguso iliyofichika chini ya rangi yake, na kila jaribio la nyumbani linapunguza nafasi yao. Na kama picha za mwanzo zinafunguka lakini zote baada ya kiwango fulani ni tupu, kadi huenda ni bandia: imeandikwa GB 64 na ndani ina chache. Picha hizo tupu hazikuwahi kuhifadhiwa. Ukishamaliza kuokoa, ipime kwa programu ya H2testw au F3 kabla ya kuirudisha kwenye kamera.