Antena nane, ukanda wa karatasi na sufuria ya pilau

Wiki mbili nzima mwale wangu wa redio, yaani mawimbi yanayokusanywa upande mmoja, ulikataa kusimama. Mradi wa mwaka wa mwisho ulikuwa safu ya antena nane za pachi (vibamba bapa vya chuma), gigahezi 2.45, zikikumbatia silinda yenye nusukipenyo cha milimita 200. Niliandika programu ya Python kwa kanuni ile ya darasani: chukua mnururisho wa antena moja (jinsi inavyotoa mawimbi kila upande), zidisha kwa kizidishi cha safu (athari ya mahali antena zote zilipo), basi. Mbele kabisa, ambako zote nane zilipaswa kujumlika, nikapata asilimia 30 tu ya uga, yaani ukubwa wa mawimbi, niliotarajia.

Siku hiyo nikaiacha kompyuta. Nikakata ukanda wa karatasi, nikachora miraba minane kila baada ya milimita 61, yaani nusu ya urefu wa wimbi, nikauzungushia sufuria ya pilau yenye upana wa sentimita 40. Nikachutama mbele yake. Miraba ya katikati ilinitazama usoni. Ile ya mwisho huku na huku ilikuwa imenipa ubavu, digrii 61, tena imerudi nyuma karibu milimita 104. Kwa wimbi la milimita 122, hiyo ni karibu digrii 305 za fezi, yaani wimbi limechelewa karibu mzunguko mzima! Kumbe nilikuwa nazidisha vitu visivyofanana. Kwenye ubao bapa antena zote zinatazama upande mmoja, ndiyo maana mnururisho wao unaweza kutolewa nje ya mabano. Kwenye mviringo kila moja ina mbele yake.

Nikafuta kanuni ya kuzidisha, nikaanza kujumlisha. Kila antena nikaipa pembe yake, nikauzungusha mnururisho wake kwa pembe hiyo, zilizogeukia nyuma nikazipa sifuri, halafu nikasawazisha fezi kwa umbali ambao kila moja imerudi nyuma.

Kabla ya kuiamini programu, niliweka nusukipenyo cha mita 50, mviringo uwe karibu na ubao bapa. Sifuri za kwanza, yaani pembe ambako mawimbi yanafutana, zikaangukia digrii 14.5 kila upande, sawasawa na hesabu ya mkono ya safu bapa ya antena nane. Nilipiga meza kwa furaha.

Niliporudi kwenye milimita 200, mwale ulisimama katikati, mnene kidogo, na sababu naiona kwenye sufuria: ukiitazama kutoka mbele, safu ya milimita 427 inaonekana kama 350 tu. Sasa naingiza athari ya antena jirani kwa jirani, na hapo nitahitaji vipimo vya maabara.