Changarawe nyeusi ya Goma kwa akwariamu yenye mimea

Mtu wa Goma hana haja ya kuagiza changarawe ya akwariamu kutoka mbali. Jiwe la volkano limejaa mjini, na waponda mawe wanaliuza kwa ndoo. Kazi ni kuliandaa, na hapo wengi hukimbilia maji wakati walipaswa kuanza na chekeche.

Chagua jiwe jepesi lenye matundu, jeusi au jekundu. Lenye utando mweupe lipime kwa siki, maana utando huo mara nyingi ni chokaa, nayo huongeza ugumu wa maji na pH yake (kipimo cha asidi na alkali). Loanisha jiwe kwanza, la sivyo hewa inayotoka kwenye matundu itakudanganya. Likiendelea kuchemka povu chini ya siki, libaki nje. Majivu mapya ya volkano usiyaguse kabisa, yanabeba asidi na floridi. Mchanga wa ufukweni nao uupime hivyo hivyo, kwa kuwa unaweza kuwa na vipande vya kombe na chokaa. Maji ya ziwa Kivu tayari yana pH ya karibu 9, hayahitaji kusukumwa juu zaidi.

Kiasi kinapatikana kwa hesabu ndogo: urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, gawa kwa 1000. Akwariamu ya sentimita 60 kwa 30, yenye kina cha wastani wa sentimita 4 za changarawe, inahitaji karibu lita 7. Chukua walau lita 20 za ghafi, kwa sababu sehemu kubwa itabaki kwenye chekeche.

Chekecha changarawe ikiwa kavu kabisa. Ikiwa mbichi, vumbi hugeuka tope, huziba chekeche na kuingia kwenye matundu ya jiwe, na huko halitoki kirahisi. Tumia waya wenye tundu la milimita 5, kisha waya wa mbu wa dirishani. Kilichopita kwenye ule wa kwanza na kubaki juu ya wa pili ndicho chako. Funga pua kwa kitambaa, vumbi hilo ni la kukwaruza mapafu.

Kuosha kunamaliza maji, na Goma maji ni bidoni (madumu) za kununua. Kwa hiyo panga beseni tatu. Changarawe inaanza ya kwanza, inahamia ya pili, kisha ya tatu. Maji yanarudi kinyume: ya beseni la tatu yakichafuka kidogo yanakwenda la pili, ya la pili yanakwenda la kwanza, na ya la kwanza pekee ndiyo yanamwagwa. Osha lita 2 au 3 kwa mara moja, ukisugua kwa viganja vyenye glavu, kwa sababu kingo zake zinakata. Sabuni hapana, hata tone. Kipimo changu cha usafi: weka konzi moja kwenye chupa angavu, jaza maji, tikisa, subiri dakika moja. Ukisoma maandishi ya gazeti kupitia chupa, inatosha. Kutafuta maji kama ya kunywa ni kupoteza bidoni bure.

Kisha mwagia maji ya moto na uache saa 24, ukikoroga mara chache ili hewa itoke. Vipande vinavyoelea vitoe. Usiweke mawe yenyewe motoni, maji yaliyonaswa ndani yanaweza kuyapasua. Maji ya javeli (dawa ya klorini) ninayapendekeza kwa changarawe iliyotoka akwariamu yenye ugonjwa tu, kwani matundu hushika klorini, na utahitaji siku kadhaa za kuloweka na kuanika juani.

Jiwe hili halina chakula cha kutosha kwa mimea inayokula kwa mizizi. Chini yake tandika sentimita 2 za udongo mweusi wa shamba lisilotiwa mbolea wala dawa, uliochekechwa, ukaloweshwa na kukaushwa mara tatu ili mabaki ya majani yaoze mapema. Funika kwa sentimita 4 za changarawe, nyuma juu kuliko mbele. Udongo wenye kina kuliko hicho hukosa hewa na kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Kama unafuga kambare wanaochimba chini, acha sehemu ya mbele iwe ya mchanga laini wa mto, maana changarawe hii itawakata ndevu.

Unapojaza, weka sahani juu ya changarawe na umimine taratibu juu yake. Ukungu wa kijivu wa siku ya kwanza ni vumbi, utatua. Ukungu mweupe kama maziwa unaotokea siku chache baadaye ni bakteria, na kung'oa kila kitu ili uoshe upya ni kuongeza tatizo. Wiki za mwanzo udongo hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, hivyo badilisha nusu ya maji kila siku ya pili katika wiki ya kwanza, na samaki wasubiri hadi kipimo cha amonia na cha nitriti (sumu nyingine inayotokana na amonia) visome sifuri. Kwa pH ya ziwa, anza na mimea ya majini Vallisneria na Ceratophyllum: zinaweza kutumia bikaboneti, wakati mimea mingi hutegemea kaboni dioksidi, ambayo kwa pH hiyo karibu haipo. Ceratophyllum haina mizizi, iache ielee.

Baadaye, ukivuta uchafu kwa mpira, pita juu juu tu. Ukichoma hadi kwenye udongo, tope litapanda na utaanza tena kusubiri.