Injini inapiga tik-tik: usikimbilie tapeti

Gari dogo lililotembea sana likianza kupiga tik-tik, hukumu ya tapeti (vikombe vidogo vinavyosukuma vali) hutolewa kabla hata boneti haijafunguliwa. Mara nyingine ni kweli. Lakini manifoldi ya eksosi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda) inayovujisha hulia hivyohivyo, plagi iliyolegea hulia hivyohivyo, na konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) inayoanza kuchoka huweza kujificha humohumo. Ukifungua kava ya tapeti kwa mlio usio wa tapeti, umepoteza gasketi na siku nzima, na ugonjwa uko palepale.

Anza na stiki ya oili. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe dakika 5 hadi 10 ili oili ishuke kwenye sampu, bakuli la chini ya injini. Kwenye injini nyingi ndogo, alama ya chini na ya juu zimepishana kwa takriban lita 1, na injini nzima inabeba lita 3 na nusu hivi. Stiki ikitoka kavu, basi zaidi ya robo ya oili haipo. Kuzidisha nako kunaumiza: kranki (shafti kubwa inayozungushwa na pistoni) huipiga oili ikatoa povu, na tapeti za haidroliki zikijazwa povu badala ya oili huanza kugonga. Usimimine oili nzito ili kunyamazisha mlio. Itaficha dalili, na asubuhi itachelewa kufika kwenye hedi, sehemu ya juu ya injini yenye vali.

Mlio wa sekunde mbili tatu baada ya kuwasha, kisha kimya, kwa kawaida unatokana na filta isiyozuia oili kurudi chini usiku. Badilisha filta kwanza.

Kama kiwango kiko sawa na mlio unaendelea, sikiliza mwendo wake. Injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kranki huzunguka mara 13 hivi kwa sekunde, kamshafti (shafti inayofungua vali) nusu yake. Kwa hiyo vali moja hugonga kama mara 6 au 7 kwa sekunde, na kitu kilichofungwa kwenye kranki mara 13. Sikio peke yake hudanganyika, kwa hiyo bana taa ya taimingi, inayomweka kila plagi inapopiga cheche, kwenye waya wa plagi moja. Tik moja kwa kila mmweko ni mwendo wa kamshafti. Tik mbili, ni wa kranki. (Angalia kwanza mfumo wa koili: pale koili moja inapolisha plagi mbili, taa humweka kila mzunguko na hesabu hiyo inageuka.)

Mwendo wa kamshafti haumaanishi tapeti tu. Nozeli (inayopulizia petroli), plagi na eksosi ya silinda moja navyo hufanya kazi mara moja kila mizunguko miwili. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hapa ni kuchomoa soketi ya nozeli, silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa silensa. Tik ikipotea kabisa na ilikuwa nyembamba kama saa ya mkononi, ni nozeli yenyewe, na mara nyingi huo ni mlio wake wa kawaida. Ikipungua au ikibadilika sauti, chanzo kinategemea mlipuko wa silinda ile: eksosi, plagi, au beringi ya konrodi. Isipobadilika hata kidogo, elekea kwenye tapeti. Ni bora kuchomoa nozeli kuliko koili, kwa sababu koili ikichomolewa petroli isiyoungua inakwenda kupasha moto masega ya kisafisha moshi kilicho ndani ya eksosi.

Eksosi hujitambulisha ukiwa makini. Hulia sana injini ikiwa baridi na ukikanyaga mafuta, kisha hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Tazama mahali manifoldi inapokutana na hedi: utaona masizi meusi yametandazika kama kivuli cha manyoya kutoka kwenye ufa wa gasketi. Plagi iliyolegea huacha masizi hayohayo kwenye shimo lake.

Kupata mahali, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kava na mpini sikioni, mbali na mkanda na feni. Gusa pia kivali cha umeme kinachopitisha mvuke wa petroli. Kinatikatika kiasi cha kudanganya watu wengi. Mlio ukiwa mzito, unatoka chini, na unazidi ukikanyaga mafuta, zima injini. Funga geji ya presha kwenye tundu la swichi ya oili kabla ya lolote jingine, maana taa ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshuka mno. Gari hilo livutwe, lisiendeshwe.

Sasa tapeti, injini ikiwa baridi. Kinachopimwa ni nafasi kati ya kamu (nundu ya kamshafti) na tapeti. Mfano ni injini ya Toyota 1NZ-FE: vali za kuingiza 0.15 hadi 0.25 mm, za kutolea 0.25 hadi 0.35 mm. Mgongo wa kamu ukiwa umeitazama tapeti, fila geji (bapa jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa mkwaruzo mwepesi, kama karatasi unayoivuta katikati ya kitabu kilichofungwa. Andika kila kipimo. Iliyolegea inalia, na inayotisha zaidi ni iliyobana, kwa kuwa haitoi sauti: vali ya kutolea haikai vizuri kwenye kiti chake, haipoi, inaungua ukingo.

Injini hiyo haina skrubu ya kurekebisha. Kamshafti inatoka, tapeti inapimwa kwa maikromita. Ya vali ya kutolea yenye unene wa 5.260 mm na nafasi ya 0.40 mm, ukitaka nafasi ya 0.30, inahitaji mpya yenye unene wa 5.360 mm. Ukisharudisha kila kitu, zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha pima vali zote upya kabla ya kufunga kava.