Shogun aliyegeuka mpiga picha

Jana usingizi ulinigomea, nikabaki naikodolea macho picha moja kwenye simu. Ni Tokugawa Yoshinobu, shogun wa Japani, yaani mtawala wa kijeshi aliyeshika madaraka kwa jina la Mfalme. Ni mwaka 1867, kavaa sare ya kijeshi ya Kifaransa aliyotunukiwa na Napoleon wa Tatu. Uso mkavu, wala hana dalili ya mtu anayekaribia kupoteza kila kitu.

Ukoo wake ulikuwa umeitawala Japani tangu 1603. Yeye, shogun wa 15, hakumaliza hata mwaka. Novemba 1867, akiwa Kyoto katika ngome ya Nijo, alitangaza kumrudishia Mfalme mamlaka. Alikuwa na miaka 30 tu.

Hapo sina ugomvi naye. Kinachonikwaza ni Januari 1868. Majeshi yake yalikuwa yameshachapwa na jeshi la upande wa Mfalme huko Toba na Fushimi, karibu na Kyoto, lakini askari waliosalia Osaka bado walimsubiri awaongoze. Usiku akatoroka na wachache wa karibu yake hadi pwani. Gizani meli yao hawakuiona, ikabidi wajibanze kwanza kwenye meli ya kivita ya Wamarekani! Kulipokucha, askari wakakuta bwana wao hayupo. Mimi ningekuwa mmoja wao, nisingemsamehe.

Ila sasa, alipofika Edo, makao makuu ya ukoo wake, alikataa kupigana tena. Akajifungia katika hekalu la Kan'ei-ji, na mji ule mkubwa ukakabidhiwa bila kuchomwa moto. Nikifika hapo hasira zinanipungua, halafu nawakumbuka wale wa Osaka, zinarudi.

Baadaye akahamia Shizuoka, na huko ndiko alikonishangaza zaidi. Akawinda, akapanda baiskeli, akachora kwa rangi za mafuta, akapiga picha kwelikweli. Siasa hakuzigusa. Mjomba wangu alipoangushwa udiwani alihamia kwenye kuku. Taarifa ya habari ikianza tu, anainuka kwenda kuwamwagia pumba. Nilikuwa nikimcheka.

Yoshinobu aliishi hadi 1913, miaka 45 na ushei baada ya ule usiku wa Osaka. Mwaka 1898 Mfalme Meiji alimkaribisha kwenye kasri lake Tokyo, ambayo ndiyo Edo ile ile. Kasri lenyewe lilikuwa mahali pale pale palipokuwa na ngome ya akina Tokugawa. Akaingia kama mgeni, akaandaliwa, akaondoka.

Najiuliza kama siku hiyo kamera aliiacha nyumbani.